Umebakiza Mingapi?

Karani hakuwa anaitikia shikamoo. Ungemwamkia mara tatu, ukainama mpaka kiuno kilie, yeye anakutazama tu kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Halafu anasema, "Kamwene," ile salamu ya kwao Iringa ambayo mkubwa na mdogo wanapeana sawasawa, na ukishamjibu "kamwene" ndipo mazungumzo yanaanza. Wageni walidhani ana kiburi. Sisi wa Ubaruku tulimzoea, ingawa kumzoea hakukuwa kumwelewa.

Shikamoo, alisema, inatolewa kwa hesabu mbovu. Tunamwamkia mtu kwa miaka aliyokwisha kuila, na miaka iliyoliwa haimsaidii yeye wala anayemwamkia. "Kiangazi kikikaza, ukitaka kujua kama watoto watafika mavuno, unahesabu magunia mliyokwisha kula? Si unakwenda kugonga kihenge usikie kimebaki nini?" Hapo anagonga chochote kilicho karibu naye, meza, mlango, na siku moja kifua cha mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo badala ya kuuliza mtu ana miaka mingapi, yeye aliuliza, "Umebakiza mingapi?" Aliwauliza watu wazima, aliwauliza watoto wa darasa la tatu, alimuuliza mchungaji mgeni Jumapili yake ya kwanza kwetu. Mchungaji akajibu kwamba ajuaye ni Mungu.

"Mungu anajua ya kwako wewe," Karani akamwambia. "Mimi nauliza wastani."

Sitaeleza ukoo wake wala kuzaliwa kwake. Angekuwa anasoma hapa angenikatia mstari mwekundu na kuandika pembeni, *haihusu*. Inatosha kujua kwamba alikuwa Mhehe wa Kalenga, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyeletwa Mbarali na ualimu wa hesabu na kubaki kwa sababu ya mpunga. Jina la Karani lilitokana na sensa. Kila sensa ilipofika, yeye ndiye aliyepewa daftari la kuhesabu watu wa upande wetu. Makarani wenzake walirudi kuitwa majina yao baada ya wiki mbili. Lake likaganda.

Na alikuwa na mikono. Sijui niseme vipi. Mikono yake ilikuwa imemzidi urefu, ikining'inia karibu na magoti, na darasani alifuta ubao mzima akiwa amesimama mahali pamoja. Mikono hiyo ndiyo iliyomponza.

Watoto wa siku hizi wanaandikishwa shule kwa cheti cha kuzaliwa. Enzi zake mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Ukilishika, una miaka saba, unaingia. Usipolifikia, mwalimu anamgeukia mzazi na kusema, "Arudi mwakani," basi, imetoka hiyo. Karani siku ile hakuwa amepelekwa kuandikishwa. Alikuwa amemsindikiza dada yake. Mkono wa dada haukufika. Mwalimu, kwa mzaha, akamwambia na yule mdogo ajaribu, na mkono ukalipita sikio ukaja kutua shavuni. Mwalimu akaandika: miaka minane. Alikuwa na mitano. Dada yake alirudi nyumbani akilia njia nzima, na Karani akaingia darasani bila hata kalamu.

Minane ile ikamfuata. Cheti cha darasa la saba kiliiga daftari la mwalimu, cheti cha ualimu kikaiga cha darasa la saba, na faili la kazi likaiga vyote viwili. Matokeo yake alistaafishwa kwa sitini za makaratasi akiwa na hamsini na saba za kweli. "Mikono yangu imenila miaka mitatu," alikuwa akisema, huku akiiangalia kama ndugu waliomwibia. Alikuwa na kadi yake ya ubatizo, amebatizwa kachanga, tarehe ya kweli imeandikwa kwa wino wa bluu. Aliitunza ndani ya kaunta buku, imefungwa nailoni. Aliwahi kunionyesha. Nilimuuliza kwa nini hakuipeleka kazini wakamrekebishia. Alisema alichoka kuelezea watu habari za masikio.

Hiyo kaunta buku ndiyo ilikuwa msahafu wake. Kwenye semina moja ya sensa, mkufunzi mmoja alichora ubaoni jedwali ambalo makarani wengine wote walisinzia likielezwa. Upande wa kushoto umri, kuanzia sifuri kushuka. Upande wa kulia, mtu mwenye umri huo, kwa wastani wa watu wote, amebakiza miaka mingapi ya kuishi. Karani alilinakili lote. Baadaye kila alipopata jedwali jipya alilinakili tena pembeni ya lile la zamani, na akaanza kulinganisha, na hapo ndipo kichwa chake kilipopata kazi ya maisha.

Alinieleza tukiwa tunapandikiza mpunga, maji yametufika kwenye ugoko. Alisema, tazama, mtu wa sitini wa enzi za bibi yangu na mtu wa sitini wa leo ni watu wawili tofauti. Yule alikuwa amebakiza kidogo, kihenge kinalia tupu. Huyu wa leo amebakiza zaidi. Lakini serikali, kanisa, kijiji, wote wamechora mstari pale pale, sitini, ukivuka ni mzee. Halafu wanapiga kelele kwamba wazee wanaongezeka, taifa linazeeka, tutafanyaje. "Hawajazeeka! Mstari ndio haujasogea!" Kwa hesabu yake, mtu aitwe mzee pale anapobakiza wastani wa miaka kumi na mitano, na mstari uwe unasogea kila jedwali linaposogea. Nikamuuliza kwa nini kumi na mitano na si kumi na mitatu. Akaninyooshea mche wa mpunga uliojaa tope. "Hata sitini walikokotoa wapi? Angalau mimi najua nimeweka mstari."

Kulikuwa na jambo jingine katika jedwali ambalo alilipenda kuliko wali. Katika lile la zamani, mtoto wa mwaka mmoja alikuwa amebakiza mingi kuliko mtoto wa siku moja, kwa sababu vichanga wengi walikufa, na aliyevuka mwaka alikuwa amevuka mto mkubwa. Karani alilirudia hili mpaka watoto wetu wakaligeuza wimbo wa kurukia kamba. Umeishi mwaka, na miaka mbele imeongezeka! Aliona ni ushahidi kwamba kuishi kunalipa.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alipaka nywele piko kila mwezi na kukana. Kwenye chai alitia vijiko vinne vya sukari, na daktari alipomkataza alijibu kwamba jedwali limehesabu watu wote, wakiwemo wanywa sukari. Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa fimbo kuliko kwa sehemu na desimali. Na siku niliyokutana naye hospitali ya wilaya, nilimkuta amesimama mbele kabisa kwenye dirisha la wazee, anasukuma watu kwa viwiko.

"Karani! Wewe si ulisema wewe siyo mzee?"

"Hapa wanagawa dawa," akasema bila kugeuka. "Hawagawi ukweli. Ukitaka ukweli panga foleni kwingine."

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa nimeweza tena kucheka naye, baada ya miaka ya kutoweza.

Sasa niseme la mume wangu, maana bila hilo nitakuwa nimewachorea bibi wa vichekesho, na yeye hakuwa huyo.

Mume wangu aliendesha pawatila, lile trekta dogo la mkono, alilima majaruba ya mpunga ya nusu ya kijiji. Alipougua alikuwa na miaka arobaini na nne. Alirudishwa nyumbani kutoka Mbeya mjini amekuwa mwembamba, ngozi imegeuka njano, na madaktari wameniambia mimi, hawakumwambia yeye. Kila aliyekuja kumwona alisema maneno yale yale. Utapona, baba. Mpunga unakungoja. Mimi ndiye niliyewaelekeza waseme hivyo, mlangoni, kabla hawajaingia.

Karani alikuja mchana, peke yake, sikuwahi kumdaka mlangoni. Alivua viatu. Akasimama mbele ya kitanda, mwanamke aliyemfundisha mume wangu kujumlisha sehemu, ambaye hakuwahi kutoa shikamoo wala kuiitikia, akapinda yale magoti yake marefu, akasema, "Shikamoo, baba."

Mume wangu alimtazama kwa muda. Alikuwa ameisikia habari ya kihenge miaka yote, hakuhitaji kufafanuliwa kwamba aliyebakiza kidogo ndiye mkubwa. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona miezi mingi, na akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Nilimtoa nje. Nilimshika mkono huo mrefu nikamvuta mpaka barabarani nikamwambia maneno ambayo mwanamke wa Kisangu hamwambii mwalimu. Hakujitetea. Alivaa viatu vyake akaondoka.

Niliporudi ndani, mume wangu akaniambia nikae. Tukazungumza. Alitaka nani aendeshe pawatila, mtoto gani asikatishwe shule hata tuuze nini, na kwamba azikwe upande wa mama yake, si wa baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kuzungumza bila kudanganyana. Tulipata siku kumi na tisa za namna hiyo. Leo najua alizipata kwa shikamoo ile. Wakati ule sikutaka kujua. Matangani, Karani alipokuja kunipa mkono, nilimwambia mbele ya watu, "Jedwali lako limeongopa. Lilisema amebakiza mingi."

"Jedwali halikumwahidi yeye," akasema. "Halimjui."

Ni jibu baya kumpa mjane. Nadhani alilijua hilo pia, kwa sababu kesho yake alikuwa kwenye jaruba langu, na keshokutwa, na mtondo. Alilipandikiza lote peke yake, mistari imenyooka kama ya daftari la hesabu, na hakuingia ndani kwangu hata kuomba maji. Sikumshukuru. Nilikaa na chuki yangu miaka sita, nikiilisha vizuri.

Ndiyo, miaka sita. Katika miaka hiyo nikawa katibu wa kikundi cha wakulima wa skimu yetu ya umwagiliaji, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Na katika mwaka wa sita, mwaka mmoja baada ya Karani kustaafu, vijana wakaja kwenye kamati kudai majaruba. Walikuwa na haki. Maji ya mfereji ni yale yale, majaruba ni yale yale, na watoto wetu wanakaa vijiweni. Kamati ikatafuta njia rahisi, na njia rahisi ipo siku zote: mwanachama akifika miaka sitini arudishe jaruba, lipewe kijana. Tulihesabu walioguswa wakawa wanane. Jina la Karani lilikuwa la tatu.

Mimi ndiye niliyeandika ile sheria, kwa mwandiko wangu mzuri. Sitasema niliiandika kwa kisasi. Sitasema pia kwamba sikufurahi nilipofika jina la tatu.

Lakini furaha ya namna ile haikai. Siku moja kabla ya mkutano wa kuipitisha sheria nikaenda kwake. Jaruba lile ndilo lililokuwa likimlisha, si kiinua mgongo, maana hicho alikuwa amekimalizia kwenye bati za dada yake Kalenga. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikabaki nimesimama.

"Karani," nikasema, "ile kadi yako ya ubatizo. Ilete kesho. Una hamsini na nane, sheria haikugusi. Nitabadilisha kwenye orodha kabla mkutano haujaanza."

Aliacha kupepeta. "Umekuja kuniokoa?"

"Nimekuja kukuambia ulete kadi."

"Na Mzee Ambilikile je? Yeye kadi yake itasema sitini na nane. Mama Tuntufye je?"

"Hao sina namna."

"Basi na mimi sina." Akaendelea kupepeta, pumba zikaniingia machoni. "Sikia, Katibu. Nikiitoa hiyo kadi nimekubali kwamba mna haki ya kunipima kwa miaka niliyokula. Nimekubali mstari, nimeomba tu nisimamishwe upande wa pili. Wanabaki saba nje, mimi nimepita mlango wa nyuma kwa sababu mwalimu mmoja alikosea sikio. Hapana. Kama napona, nipone na kihenge changu. Na kama sivyo, mnitoe na wenzangu."

"Utalala njaa kwa ajili ya hesabu?"

"Watu wanalala njaa kwa mambo ya kijinga zaidi ya hesabu."

Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Ni kazi ngumu kumsamehe mtu, ukafika, ukakuta msamaha wako hauhitajiki.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kikundi. Mwenyekiti, mtu mpole anayeogopa kelele, aliisoma sheria haraka haraka kama mtu anayemeza kwinini. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Ambilikile, Mnyakyusa fundi wa mabanio ya kugawia maji, aliyejenga nusu ya mfereji wetu kwa mikono yake, ndiye aliyesimama kwanza. "Mimi hiyo sitini siijui," akasema. "Mimi najua jembe. Jembe likinikataa, mtaniona sipo." Akakaa.

Karani akaenda mbele na kaunta buku yake. Hakuifungua. Alisema vijana wana haki, na asiyetaka vijana wapate ardhi asimpigie makofi. Alisema mkiani mwa mfereji kuna eneo zima la ardhi limelala, limejaa magugu kwa sababu maji yanachelewa kufika, na mwaka huu lingeweza kufunguliwa kwa wiki mbili za msaragambo, vijana na wazee pamoja. "Lakini hamkutaka kupima ardhi. Mmetaka kutupima sisi, maana sisi tuko karibu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama, sheria ni sheria. Sitini ni sitini!"

"Nani kakuambia? Sitini ya nani?" Akageuka kuelekea sauti ile. "Nimenakili majedwali maisha yangu yote. Nimeona namba zinapanda, nimeona zinashuka wakati ule watu wetu wanapukutika kwa ukimwi, nimeona zinapanda tena. Kitu kimoja sijakiona. Sijaona umri hata mmoja ulioandikwa sifuri. Sabini kuna namba. Themanini kuna namba. Nenda tisini, utakuta bado wamekuandikia kitu. Jedwali ambalo halijui huruma, limetengenezwa na watu wasionijua, halijathubutu kuniandikia sifuri. Ninyi mnaokula wali wangu mmethubutu."

Hakupigiwa makofi. Walitazama chini. Kisha mwenyekiti akaomba wanaounga mkono sheria wanyooshe mikono, na mikono mingi ikanyooka, si yote, lakini mingi. Nilihesabu. Mkono wangu mimi ulikuwa umeshika kalamu, na nikauacha pale pale kwenye karatasi. Karani aliniangalia wakati huo. Kadi ilikuwa ndani ya buku kwapani mwake, mimi na yeye tu tunajua, na sikusema neno.

Jaruba lake alipewa binti mmoja aitwaye Rehema, mwenye miaka ishirini na mbili. Rehema aliliogopa. Wiki ya kwanza alikaa ukingoni akilitazama, mpaka Karani alipotokea na jembe begani na kumwonyesha wapi maji yanavuja, wapi panya wanachimba. Nilikuwa karibu, nikamsikia akimwambia, "Umebakiza arobaini na kitu. Kosea taratibu, muda unao." Hakumchukia yule binti hata siku moja. Chuki yote aliipeleka kwenye mstari.

Na walipomaliza kufedheheshwa, wale wanane walishuka mkiani mwa mfereji wakaanza kufyeka. Kijiji kilicheka. Walijiita Kikundi cha Waliobakiza, wakaandika jina hilo kwenye kipande cha bati kwa rangi nyekundu. Maji yalipochelewa, walikesha zamu kuyalinda kama wanavyofanya wakulima wote wa mkiani. Mzee Ambilikile alijenga kibanio kidogo cha mawe. Mwaka wa kwanza walipata mpunga wa kuku. Wa pili walipata wa kula. Wa tatu, mwenye mashine ya kukobolea alianza kuwaita kwa heshima, na vijana wawili wakaenda kuomba kujiunga. Karani aliwauliza wamebakiza mingapi. Waliposema hawajui, aliwapokea.

Nilianza kwenda kule mwaka huo wa tatu. Sikuomba radhi, sikujua pa kuanzia. Nilibeba uji. Alikunywa, akasema umekosa sukari, na tukaendelea kutoka hapo.

Hayo ni ya miaka kumi iliyopita. Mwaka juzi Karani alipata kiharusi akiwa shambani. Upande wa kulia wote ukalala. Dada yake akaja na gari la kukodi, akambeba kama mzigo wa kuni, akampeleka Kalenga.

Mwaka huu nimefikisha sitini. Barua ililetwa na Rehema mwenyewe, siku hizi ni mjumbe wa kamati, akanipa kwa mikono miwili huku anatazama ukuta. "Samahani, mama. Ni ile sheria." Niliifungua nikaona maneno yangu mwenyewe yakinirudia, koma na nukta ziko pale pale nilipoziweka. Mkutano wa kurudisha majaruba ni mwezi ujao. Nikapanda basi la Iringa.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, blanketi mapajani, baridi ya kwao ikimkata. Piko ilikuwa imetoka, kichwa cheupe chote. Dada yake alikuwa anapukuchua mahindi karibu naye, bibi mfupi, mgongo umenyooka, mikono inafanya kazi kama mashine. Huyo ndiye aliyelia njia nzima. Kwa miaka ni mkubwa wa wote.

"Kamwene," nikasema.

Karani aliniangalia kwa jicho moja lililo wazi vizuri. Mdomo wake umepinda, maneno yanatoka polepole, lakini yanatoka. "Miaka yote unanilazimisha shikamoo. Leo kamwene?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa utaitikia."

Dada aliacha kupukuchua. Karani alicheka, cheko la upande mmoja, mpaka blanketi likaanguka. Nikaliokota nikamfunika, na nilipoinama nikashindwa kunyanyuka. Nilipiga magoti pale nikamwambia. Kwamba shikamoo yake ilimpa mume wangu siku kumi na tisa, na mimi nikamlipa kwa kalamu. Kwamba nilijua habari ya kadi nikanyamaza. Kwamba ningenyoosha mkono mmoja tu, hata kama tungeshindwa.

"Kweli," akasema. "Ungenyoosha." Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akauliza kama nimeletewa barua. Alikuwa amehesabu.

"Nimeletewa."

"Kadi yako ya ubatizo inasemaje?"

"Sitini kamili."

"Pole. Huna mlango wa nyuma." Jicho lake likang'aa. "Utafanyaje?"

"Nitasimama. Siombi jaruba langu. Naomba mstari ufutwe. Niliuandika mimi, nitaufuta mimi. Wakikataa, nashuka mkiani."

Akamwashiria dada yake, dada akaingia ndani akatoka na kaunta buku, imevimba, nailoni imechanika. Akaniwekea mapajani na kalamu juu yake. Nikadhani ananirithisha. Nikasema nitaitunza.

"Nani kakupa? Nimekuazima. Mkutano ukiisha, irudi." Akavuta pumzi. "Dada, njoo uwe mwalimu."

Dada yake alielewa kabla yangu. Akapangusa mikono, akaja kusimama mbele yake, akajikaza uso kama mkoloni. Karani akaanza kuunyanyua mkono wa kulia, ule uliolala. Aliunyanyua kwa bega, kwa shingo, kwa meno. Ulifika kifuani ukatetemeka. Ukafika kidevuni. Nilitaka kumsaidia, dada akanizuia kwa jicho. Ukapanda kwenye paji la uso, ukatambaa mpaka juu ya utosi, na hapo mkono ule, uliowahi kulipita sikio na kutua shavuni, ukagoma. Vidole vikacheza kwenye nywele nyeupe, mbali na sikio.

Dada akainama akapima kwa macho. Akasubiri. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka sitini.

"Haujafika," akasema. "Arudi mwakani."

Mkono ukaanguka kwenye blanketi. Karani alikuwa anahema, jasho limemtoka katika baridi ile, na anacheka. "Umemsikia mwalimu?" akaniambia. "Andika."

Nikafungua kaunta buku ukurasa wa mwisho ulioandikwa, chini ya namba zake, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule ule wa sheria: *Mkono haujafika. Arudi mwakani.*